Kwenda Kilwa Kisiwani: mwongozo kamili, kuanzia Mbagala mpaka Husuni Kubwa

Wengi wetu Kilwa tuliisoma darasani, yule msafiri Ibn Battuta, dhahabu ya Sofala huko Msumbiji, Wareno, mtihani ukaisha na habari ikaishia hapo. Ukimwambia mtu twende anadhani ni mbali sana au ni safari ya watalii wa kizungu wenye mahela. Si kweli jamani, ni basi moja na boti moja, na ukitokea Dar unaitosheleza kwa siku tatu bila kukimbizana. Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba watu wakishafika wanavuka mchana jua la utosi, wanapiga picha pale kwenye boma la zamani linaloitwa Gereza, wanachungulia msikiti mkuu, saa moja na nusu nyingi wameshapanda boti wanarudi, na Husuni Kubwa, jumba la sultani lililoko ng'ambo ya kijiji, hawalioni kabisa wakati ndo lenyewe. Kwa hiyo nitaeleza taratibu toka mwanzo, na neno langu kubwa ni kwamba safari hii unaipanga kwa maji, yaani kupwa na kujaa, halafu ndo unapanga mambo mengine yote yafuate.

Kwanza Kilwa zipo tatu

Ukimwambia konda unashuka Kilwa atakuuliza Kilwa ipi. Kilwa Masoko ndo makao makuu ya wilaya, mkoa wa Lindi, iko bara, huko ndo kuna gesti, ofisi na gati la boti. Kilwa Kivinje nayo iko bara ila kaskazini kidogo, mji mkongwe wa karne ya 19, mji wa misafara na baadae boma la Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndo kisiwa chenyewe, kiko mbele ya Masoko, ukisimama ufukweni unakiona kwa macho kabisa, maji ya katikati ni kama kilomita mbili tu. Tiketi yako ikatwe Kilwa Masoko.

Lini uende

Epuka masika. Machi mpaka Mei mvua ya kusini haina mchezo, njia ya Dar kwenda Lindi inapita mabonde ya mito na ikinyesha sana inakatika, mwaka 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilivunjika maeneo ya Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri, haina joto kali, lakini kusi, upepo wa kusini, linapiga na mchana bahari inachafuka, unavuka vizuri tu asubuhi ila jiandae kulowa ukirudi. Kwangu mimi muda mtamu ni Septemba mpaka Novemba mwanzoni, kusi limeshapungua, kaskazi, upepo wa kaskazini, haijashika, maji yanakuwa meupe. Desemba mpaka Februari pia panaendeka ila joto lake utalisikia, na vichaka kwenye magofu vinakuwa vimeota sana baada ya vuli.

Sasa maji. Hapa naomba usome polepole maana ndo siri ya safari nzima. Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku ratiba inasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo wakati wa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu siku za bamvua maji yanakuwa yamejaa karibu saa kumi alfajiri, yanakauka karibu saa nne asubuhi, halafu yanajaa tena karibu saa kumi jioni. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na boti inakwenda karibu saa yoyote. Ukienda siku za bamvua halafu ukafika gati saa nne asubuhi ukitegemea kuteremka kistaarabu, utatembea kwenye tope na matumbawe yenye ncha mpaka magotini. Ila ukiondoka saa kumi na mbili au saa moja asubuhi maji bado yapo, na ukirudi saa nane au saa tisa yanakuja juu yanakubeba. Kwa hiyo angalia mwezi uko wapi kabla hujaomba ruhusa kazini, na ukifika muulize nahodha, hao wanajua dakika kwa dakika bila apu yoyote.

Kufika Masoko

Ukitokea Dar mabasi ya kusini yanapatikana Mbagala Rangi Tatu, yapo yanayoenda Masoko moja kwa moja, hayo ndo ya kutafuta, yanatoka asubuhi mapema. Tiketi ikate siku moja kabla kama ni Ijumaa au kipindi cha sikukuu. Njia ni Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa ambalo lina urefu wa karibu kilomita moja na lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo watu walikuwa wanavuka kwa pantoni na ulikuwa unaweza kulala njiani, waulize wazee wa kusini watakusimulia. Halafu unapita Muhoro, ambako Kinjikitile, mganga wa ile dawa ya maji, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905 vita ya Maji Maji ikiwa ndo kwanza imeanza. Kisha Somanga, hapo dirishani utaletewa samaki wa kukaanga, nunua, halafu Nangurukuru njia panda.

Basi la Lindi au Mtwara halikufikishi Masoko, linakuacha Nangurukuru na wewe unamalizia na daladala au bodaboda, kama una mizigo chukua bajaji au taksi ya kuchangia. Safari nzima toka Dar ni saa tano hivi, ikizidi ni sita kutegemea dereva na mizani. Wa kutoka Mombasa au Nairobi, fikeni Dar kwanza mlale, msijaribu kuunganisha siku hiyohiyo.

Ukiwa na gari lako ni lami mpaka Masoko, jaza mafuta mapema, na usitembee usiku, kuna ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoharibika katikati ya njia.

Kulala

Masoko kuna gesti za kawaida mjini na lodji za ufukweni upande wa Jimbiza. Gesti za mjini zinatosha kabisa kama una bajeti ndogo, ulizia mambo mawili tu, neti isiyo na matundu na maji ya bomba kama yanatoka. Malaria ipo, si ya kuifanyia mzaha, na wanaotoka nje ya nchi waanze dawa za kinga kabla hawajafika. Jimbiza unalipa zaidi ila unaamka bahari iko mbele yako na wenye lodji huwa wana boti na watu wa kukutembeza, linakuwa jambo la kumaliza mezani ukila chakula cha usiku. Kisiwani kwenyewe wageni wachache wanalala, ni kijiji cha watu, ukitaka kulala huko panga kupitia mtembezaji wako na uzungumze na uongozi wa kijiji, usijitokeze tu jioni na begi.

Hela taslimu toa Masoko. Mawakala wa simu wapo, ila ukishavuka usitegemee kitu.

Kibali, hii usiruke

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO toka 1981, na yapo chini ya ulinzi wa serikali, siku hizi anayesimamia ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ndiyo, hao hao. Unakwenda ofisini kwao Masoko, unajiandikisha, wanakutolea kumbukumbu namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, unapata risiti na kibali. Raia wa Tanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, na wanafunzi wana bei yao, sasa usiache kitambulisho nyumbani maana bila cha taifa au cha chuo hawana namna ya kukuamini. Kama una wageni kutoka nje waambie wabebe pasipoti au nakala yake.

Fanya hili jambo mchana wa siku unayofika, siyo asubuhi ya kuvuka. Ofisi inafunguliwa saa za kazi na wewe saa hizo unatakiwa uwe umeshavuka. Ukifika Masoko Jumamosi jioni na hujaongea na mtu, umeshajichelewesha, kwa hiyo wale wa wikiendi pigeni simu mapema au mpitie kwa mwenye lodji awafanyie mpango Ijumaa.

Mtembezaji chukua. Najua kuna mtu atasema mimi nimesoma historia sihitaji mtu, sawa, lakini magofu yametawanyika kwenye mashamba na vichaka, vibao ni vichache, na bila mtu wa kukuonesha utapita pembeni ya kaburi la sultani ukidhani ni kifusi. Omba hasa mtu mzaliwa wa kisiwa. Anajua kisima kipi kinatumika mpaka leo, anajua mzee gani ana habari, na hela unayompa inabaki kwenye kijiji kinacholinda hayo mawe. Kubalianeni bei kabla, na kubalianeni njia pia: mwambie wazi kwamba unataka kufika Husuni Kubwa, siyo Gereza na msikiti tu.

Boti

Namna ziko mbili. Kuna mashua za abiria wanazopanda wanakijiji kwenda na kurudi sokoni, nauli ndogo, inaondoka ikijaa. Na kuna kukodi boti yako, ya tanga au ya injini. Ukiwa peke yako na una muda panda ya abiria, utakaa na akina mama wenye ndoo na vikapu na utapata stori nyingi kuliko za mtembezaji, na ukikuta mtu mzima toa shikamoo kabla hujauliza chochote. Mkiwa watu wanne watano kodini, mkigawana inakuwa nafuu. Ya injini inavuka dakika kumi au kumi na tano, ya tanga inategemea upepo.

Ukikodi, mambo ya kumalizana na nahodha ukiwa bado nchi kavu ni haya: bei ni ya kwenda na kurudi, anakusubiri mpaka saa ngapi, anakushusha wapi, na laifu jaketi zipo za watu wote. Hilo la mwisho usione haya kulisema. Maji ni kilomita mbili tu lakini mkondo wa pale unapita kwa nguvu, na kama jaketi hazipo tafuta boti nyingine, zipo. Simu na kamera tia kwenye mfuko wa nailoni ufunge, vaa kandambili au viatu vya plastiki maana kupanda na kushuka mara nyingi unaingia maji, na suruali ukunje kabla, siyo ukiwa umeshasimama ukingoni na watu wanakusubiri.

Sasa ushauri wangu wenyewe, na huu ndo unaotofautisha safari nzuri na ya kawaida. Mwambie nahodha asikushushe Gerezani, akupeleke moja kwa moja chini ya Husuni Kubwa, mashariki ya kijiji. Maji yakiwa yapo asubuhi mapema inawezekana. Unaanza na lile jumba jua likiwa bado laini, halafu unarudi kwa miguu kuelekea magharibi kupitia kijijini mpaka msikiti mkuu, unamalizia jumba la Makutani na Gereza, na boti inakuwa imekuja kukusubiri hapo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza Gerezani, ikifika zamu ya Husuni jua limeshakuwa kali na miguu imechoka wanasema aah tutakuja siku nyingine.

Husuni Kubwa

Unapanda kutoka ufukweni kwenye mabaki ya ngazi za zamani mpaka juu ya jabali. Jumba hili lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na lina vyumba zaidi ya mia, nyua, mahali pa kupokea watu, na upande wa kusini uwanja mkubwa wenye maghala pembeni, yaani ikulu na biashara chini ya paa moja. Halikumaliziwa kujengwa. Kuta nyingi zimeshuka, usitegemee kuona ghorofa, unachoona ni mchoro wa jumba umelala chini na wewe unatembea ndani yake kutoka chumba hadi chumba.

Nenda kwenye birika. Ni la pembe nane, limechimbwa katikati ya ua, kingo zake zina ngazi na vijinafasi vya kukaa, na ukishuka ukasimama ndani unaona plasta ya chokaa bado imeshika kwenye kona baada ya miaka karibu mia saba. Pitisha macho, siyo mkono. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, na mawe ya ukutani ni matumbawe pia, laini yanapotoka majini ndo maana waliweza kuyachonga maua na pambo, yakikauka yanakuwa magumu. Halafu tembea mpaka ukingoni juu ya bahari ukae. Utaelewa bila kuambiwa kwa nini alijenga hapa, kila jahazi linaloingia bandarini lilionekana toka huku, na dhahabu ya Sofala ilipita hapa na ushuru ukalipwa hapa. Sarafu ya sultani huyuhuyu ilipatikana Great Zimbabwe, na mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao, zilifikaje huko mpaka leo watu wanabishana.

Pembeni kidogo kuna Husuni Ndogo, ukuta mkubwa wa mstatili, dakika kumi zinatosha.

Kupita kijijini

Kutoka Husuni mpaka upande wa msikiti ni mwendo wa nusu saa hivi, njia ya mchanga, minazi, mihogo, mibuyu, nyumba za watu. Hiki siyo kijiji cha maonesho. Salimia kila unayekutana naye, wazee shikamoo, na usipige picha ya mtu, ya mtoto wala ya nyumba ya mtu bila kuomba, akina mama wengi hawapendi na wakikuambia hapana ndo imeisha hiyo. Wengi ni Waislamu, kwa hiyo mavazi yawe ya heshima, mabega na magoti yafunikwe, dada zangu bebeni kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kichwani mkiingia penye msikiti au makaburi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa maji barabarani, kaa pembeni. Ijumaa saa saba mchana watembezaji na manahodha wako kwenye swala, panga hilo kwenye ratiba yako.

Chakula agiza asubuhi kupitia mtembezaji, kuna akina mama wanapika ukiwaambia mapema, wali wa nazi na samaki au pweza. Ukifika saa saba unauliza kuna nini, hakuna kitu, na haki yao. Dafu ndo rahisi kupata. Maji ya kunywa beba ya kwako kutoka Masoko, lita mbili kwa kila mtu usipunguze, na chupa tupu rudi nazo.

Msikiti mkuu

Hapa kaa. Usipite kama unapita stendi. Sehemu ya kaskazini ndo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12, ndogo. Sehemu kubwa ya kusini yenye nguzo nyingi na makuba aliiongeza al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, baadae ikaanguka ikajengwa upya karne ya 15. Ukisimama katikati ya nguzo za pembe nane ukaangalia juu unaona baadhi ya makuba yamesimama na mengine yamefunguka, mwanga unashuka kwa vipande kwenye sakafu, na kadiri unavyosogea nguzo zinajipanga na kujipangua. Ukutani kuna mihrab, kile kishubaka kinachoonesha kibla. Vua viatu ukiingia, magofu au siyo magofu ni msikiti.

Tafuta mahali pa kutawadha, kuna kisima na birika, na pale sakafuni kuna mawe ya mviringo ya kusugulia miguu, yamelainika kabisa kwa visigino vya watu. Mi hapo ndo huwa nakaa muda mrefu kuliko sehemu zote. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akauona mji ni miongoni mwa mizuri kuliko yote, na alisimulia kwamba siku moja ya Ijumaa sultani alipotoka kuswali akatokea fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa mwilini, sultani akarudi ndani ya msikiti akabadilisha nguo nyingine, akampa zile. Muombe mtembezaji akuoneshe ni upande gani watu walikuwa wakitokea.

Karibu na hapo kuna nyumba kubwa ya kale, msikiti mdogo wa makuba ambao umetunzika vizuri kuliko majengo mengi ya kisiwani, na upande mwingine makaburi ya masultani. Vipande vya vyombo vya udongo na kauri ya China utaviona vimezagaa kwenye mchanga, vya kijani na vya bluu. Viache. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchukua, na nje ya sheria pia, kipande kikihamishwa mahali pake mtaalamu hawezi tena kusoma kilikuja lini na kililetwa na nani, kinakuwa takataka ya mfukoni kwako.

Makutani na Gereza

Makutani ni jumba la masultani wa karne ya 18, wakati Kilwa ilipoamka tena kwa biashara na kwa bahati mbaya biashara yenyewe kubwa ilikuwa ya watu, mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa kununua watumwa kila mwaka. Hili lisemwe wazi ukiwa pale, msiishie kwenye dhahabu tu. Kuta ni ndefu, zimezungushwa mpaka baharini.

Gereza ndo lile boma la mraba unaloliona kwanza toka majini, lina minara ya duara kwenye kona mbili zinazotazamana. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliingia Julai 1505, wakapora mji, wakajenga ngome, na 1512 wakaondoka wenyewe. Unachoona leo sehemu kubwa ni ujenzi wa Waomani wa baadae, juu ya msingi wa zamani. Angalia mlango, mbao imechongwa vizuri, halafu zunguka upande wa bahari uone mawimbi yalivyokula ukuta. Kwa sababu ya hali hiyo magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, kazi ikafanyika, kuta zikaimarishwa, mikoko ikapandwa, 2014 yakatolewa. Kwa hiyo usipande juu ya kuta kutafuta picha. Naomba sana kwa hili. Jiwe moja ukiling'oa kwa kiatu hakuna fundi anayelirudisha kama lilivyokuwa.

Kwa mwendo huu unamaliza saa saba au saa nane mchana, maji yanarudi, unapanda boti. Jua la kurudi linachoma kuliko la kwenda, vaa kofia.

Ukiwa na siku ya pili: Songo Mnara

Kiko kusini zaidi, na ni safari nyingine kabisa, saa moja na nusu mpaka mbili kwa injini, kibali chake omba siku hiyohiyo unayoombea cha Kisiwani ili usirudi ofisini. Huko nyumba za karne ya 14 na 15 zimesimama kuliko Kisiwani, unaona vyumba, vishubaka vya ukutani, misikiti, makaburi, unaelewa mtu tajiri wa pwani alikuwa anaishi vipi ndani kwake. Ila kushuka ni kwenye mikoko, maji yakiwa yamekupwa unatembea kwenye tope mwendo mrefu, kwa hiyo wazee na watoto wadogo msiwapeleke siku za bamvua. Kusi likiwa linapiga usiende, hata nahodha akisema twende, muulize mwingine kwanza.

Kama hupendi boti tena, siku hiyo nenda Kivinje, bodaboda au daladala mpaka Nangurukuru halafu Kivinje. Nyumba za kale zenye milango ya nakshi, boma la Wajerumani, mtaa wa Kihindi uliobaki kimya, na samaki wa asubuhi ufukweni. Nusu siku inatosha, na ukiwa na begi lako kabisa unaweza kutokea hukohuko kurudi Nangurukuru kudaka basi la Dar linalotoka Lindi, ila yanapita yakiwa yameshajaa, hivyo tiketi ya kurudi mwambie mwenye gesti akukatie jana yake Masoko na uwe stendi mapema, mengi yanaondoka alfajiri.